Mhanga Aliyeitwa Mganga

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio ayalete, asiye nayo akaazime kwa jirani. Mmeyaleta?

Tumeyaleta!

Na tumbo la nani linanguruma huko nyuma? Litulize, bwana wee, maana ngano hii ina matumbo ya kutosha.

Hapo zamani, zamani za kale, wakati watu na wanyama waliposemezana bila mkalimani, palikuwa na mwanamke jina lake Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa na binti mmoja, Mize, na shamba moja la muhogo. Katika shamba hilo alikuwa na mgeni aliyejikaribisha mwenyewe. Mgeni huyo alikuwa Mhanga.

Mnamjua mhanga? Sisemi yule wa kujitoa mhanga, nasema mnyama. Masikio marefu kama ya punda, pua kama ya nguruwe, kucha kama majembe. Mchana analala shimoni. Usiku anatoka kufukua vichuguu na kula mchwa. Macho yake si kitu, kazi yake ni kusikiliza. Anaweka sikio kwenye kichuguu, ananyamaza, anawasikia mchwa wanavyokwenda na kurudi kwenye njia zao, ndipo anapojua achimbe wapi.

Watu wa kijiji hawakumpenda. Mbuzi wa huyu alivunjika mguu shimoni. Mume wa yule alitumbukia shimoni akitoka kunywa tembo. Wakakata shauri wamtege wamuue. Bi Somoe peke yake alikataa. Aliwaambia kwamba mchwa walikuwa wakimmalizia muhogo, na tangu Mhanga ahamie, muhogo unanenepa.

"Mashimo nitayafukia mwenyewe," akasema. "Akiguswa Mhanga, nimeguswa mimi."

Ikawa hivyo. Asubuhi Bi Somoe anafukia, usiku Mhanga anafukua. Jioni, mmoja akirudi na mwingine akitoka, wanakutana pembeni mwa shamba. Hawakuwa na mazungumzo marefu. Mhanga atauliza, "Habari za juu?" Bi Somoe atajibu, "Za juu nzuri. Za chini?" Naye Mhanga atasema za chini nzuri, basi kila mtu na njia yake.

Kikaja kiangazi kikali. Kisima kikakauka. Bi Somoe akanywa maji ya dimbwi, na maji ya dimbwi hayana adabu. Tumbo likamwendesha. Akatapika, akaharisha, akatapika tena, mpaka akalala chali hawezi kuinuka. Mize akamuuliza, mama, unaumwa na nini? Bi Somoe akajibu kama tunavyojibu sote.

"Moyo umenichafuka."

Shikeni hapo. Neno hilo ndilo lililokoroga kila kitu.

Mize akaenda kutafuta mganga. Aliyejitokeza upesi kuliko wote alikuwa Tumbusi, yule ndege mla mizoga. Siku hizo Tumbusi alikuwa na manyoya mazuri kichwani na shingoni, meusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Akatua uani, akaweka shingo upande, akasema yeye ni mganga wa matumbo na ushahidi ni jina lake.

"Mimi naitwa Tumbusi," akasema. "Tumbo limo ndani ya jina langu. Nani mwingine hapa ana tumbo ndani ya jina?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa nalo. Wakamkubali. Wewe unayecheka, ungekuwapo ungefanya nini?

Tumbusi akauliza mgonjwa amesemaje. Mize akamwambia, amesema moyo umechafuka. Tumbusi akatikisa kichwa, akaguna. Akaeleza kwamba moyo wa mtu huchafuka kwa chuki na choyo, na uchafu huo ndio uliokuwa ukitoka sasa, mwingine kwa juu, mwingine kwa chini. Uachwe utoke wote.

"Na maji asipewe," akasema. "Humwoni anavyovuja? Chombo kinachovuja hakijazwi."

Mize akaona neno hilo lina akili. Hata mimi ningeona lina akili. Akaiondoa kata ya maji kitandani kwa mama yake. Tumbusi akaruka, akatua juu ya paa, akasema atangoja papo hapo. Atangoja nini, hakusema. Ninyi mnajua tumbusi hungoja nini.

Majirani nao wakaanza kukumbuka mambo. Mmoja akakumbuka kwamba Bi Somoe aliwahi kumnyima kinu. Mwingine akakumbuka harusi ambayo Bi Somoe hakuja. Kumbe moyo wake ulikuwa mchafu siku zote, wakasema, na sisi hatukujua. Mize akalia. Hakujua amwamini nani. Mama aliyemlea hakuwa na moyo mchafu hata kidogo, lakini aliyesema moyo umechafuka si mama mwenyewe?

Kulipokucha siku ya pili, Bi Somoe alikuwa hana sauti. Akafungua midomo iliyokauka, akanong'ona, "Niitieni m..."

Mize alikuwa karibu, akasikia mganga. Bata alikuwa mlangoni, akasikia mhanga.

Nani alisikia sawasawa? Ngojeni. Mwambieni jirani yenu naye angoje.

Bata alikuwa na sifa mbaya kijijini. Mdomo wake mpana kama mwiko, na maneno humtoka yamelowa. Ukimtuma chumvi analeta chujio. Akageuka, akashika njia ya shambani. Mize akamwita arudi, kwa maana mganga yuko juu ya paa, anakwenda kumtafuta wapi? Bata hakugeuka. Alikwenda vile vile anavyokwenda, kiuno huku, kiuno kule, mpaka kwenye shimo la Mhanga.

Mhanga alikuwa amelala. Bata akamwambia kwamba Bi Somoe anaumwa sana na anamwita. Mhanga akashtuka. Jioni iliyopita hakumwona pembeni mwa shamba, na asubuhi mashimo hayakufukiwa. Alidhani Bi Somoe amekasirika. Sasa hakuelewa. Mtu aliyekasirika hukuita umtazame akiumwa?

Akatoka. Jua likampiga usoni, asione kitu. Akagonga ua wa kwanza, akagonga ua wa pili, wa tatu akaubomoa kabisa. Alipofika nyumbani kwa Bi Somoe alikuwa na vijiti vya ua kwenye masikio na watu wanamfuata na marungu.

"Huyu kaitwa na nani?" Mize akauliza.

"Na mgonjwa," Bata akajibu. "Alisema mhanga."

"Alisema mganga."

"Mhanga."

"Mganga, Bata. Mganga."

Wakabishana hivyo, mganga, mhanga, mhanga, mganga, mpaka mwenye jina akawa hajui yeye ni yupi. Tumbusi akainamisha shingo kutoka paani.

"Mwacheni," akasema. "Huyo ni mchimbaji. Kazi yake tutaihitaji jioni."

Watu wakajua anasema kaburi. Mize akashika nguzo.

Mhanga akaingia ndani akipapasa. Bi Somoe hakumtambua. Macho yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta inasimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akamtazama Mize, akamwita kwa jina la bibi yake aliyekufa, akamwuliza kama mbuzi wamerudi. Hawakuwa na mbuzi. Mhanga akaogopa sana. Alijua kwamba mama huyu akifa, mitego itawekwa siku ile ile. Lakini si mitego iliyomuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakutabaki mtu duniani wa kumuuliza habari za chini.

Hakujua la kufanya. Na asiyejua la kufanya hufanya alilolizoea. Alisikia kwamba moyo umechafuka, basi akaomba dodoki ili auoshe. Mize, kwa kuchanganyikiwa, akampa dodoki. Mhanga akaliweka begani, akategesha sikio kifuani.

Dundu-dundu-dundu-dundu. Mbio, mbio.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Karibu," Moyo akajibu, "ila kukaa sina nafasi."

Mhanga akamweleza kwamba amekuja kumwosha, maana watu wote wanasema amechafuka. Moyo akakasirika.

"Mimi? Nichafuke saa ngapi? Mimi ni mchukuzi. Damu inaingia upande huu imechoka, naisukuma kwa Mapafu ikachukue hewa. Inarudi upande huu ina nguvu, naisukuma iende kichwani, mikononi, mpaka kwenye nyayo. Sijakaa chini tangu mama huyu hajazaliwa. Leo damu imepungua, imekuwa nzito, nami nakimbia safari mbili kwa mzigo wa safari moja. Siye mimi. Muulize jirani."

Mhanga akabaki na dodoki lake. Akasogeza sikio pembeni. Huu-haa, huu-haa, huu-haa. Mbio, mbio.

"Hodi, wenye nyumba."

"Karibu," Mapafu wakajibu kwa pamoja, "ila kukaa hatuna nafasi."

Mapafu wakamweleza kwamba wao ni kisima cha hewa. Wanavuta hewa safi, wanatoa iliyotumika, na Damu hupita kwao kama akina mama wanaochota, kila mmoja anajaza ndoo yake na kuondoka. Lakini leo wachotaji wamekuja wachache, tena wanakimbia, na kila kiungo huko mbele kinalia njaa ya hewa. Ndiyo maana wanavuta upesi upesi. "Si sisi," wakasema. "Muulize jirani wa chini."

Mhanga akainua kichwa. Kwanza Moyo amechafuka, kumbe hajachafuka. Anakimbia kwa sababu ya Damu. Mapafu nao wanakimbia kwa sababu ya Damu. Na Damu ana nini? Akasahau dodoki liko wapi. Lilikuwa kichwani kwake. Mize akamuuliza umeona nini, naye akajibu kwa kweli yake kwamba alipoingia alikuwa anajua kidogo, sasa hajui kitu.

Akategesha sikio tumboni. Kimya. Kisha, ngruuu, kwa mbali.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Karibu," Tumbo akajibu, na sauti yake ilikuwa ya aibu. "Kaa. Mimi ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye niliyechafuka. Lakini watu wa lugha hii wanaona haya kunitaja mbele za wageni, basi wanamsingizia Moyo."

Haya, mmesikia? Mara ngapi ninyi wenyewe mmesema moyo umenichafuka, na Moyo maskini yuko kazini kwake hana habari?

Tumbo akaeleza. Kazi yake ni kukanda chakula, kukitia maji yake makali mpaka kilainike, kisha kumpelekea Utumbo. Utumbo ni mrefu, amejikunja kama kamba ya kisima. Huko ndiko chakula kizuri kinakonyonywa na kupewa Damu, na maji vile vile. Juzi yaliingia maji ya dimbwi yenye wadudu wabaya, ikabidi wadudu wafukuzwe. Tumbo akawatoa kwa juu, Utumbo akawatoa kwa chini. Wakatoka. Lakini walitoka na maji ya nyumba nzima.

"Na tangu jana," Tumbo akasema, "hakuna anayetuletea mengine. Kama hunisadiki, kasikilize mgongoni, kwa Mafigo."

Wakamgeuza Bi Somoe taratibu. Mhanga akategesha sikio mgongoni. Mafigo ni wawili, ndio wanaomchuja Damu usiku na mchana, na taka anayochujwa inadondoka tone kwa tone mpaka kibofuni.

"Hodi, wenye nyumba."

Kimya.

"Hodi, wenye nyumba."

Kimya.

"Hodi, jamani."

Hapakuwa na tone.

Mhanga aliwahi kusikia kimya kile. Mwaka mmoja wa ukame alipata kichuguu kikubwa. Mchwa wa kichuguu hicho walizoea kushuka chini kabisa kuchota unyevu na kulowesha kuta. Maji yalipokauka huko chini, alisikia wakipanda na kushuka mbio, mbio zaidi, hali hawana walichobeba. Kisha kimya. Alipochimba alikuta vumbi tupu, na usiku ule alilala na njaa.

"Mize," akasema, "mama yako hajachafuka. Mama yako amekauka. Mpe maji."

Tumbusi akashuka kutoka paani mpaka kizingitini. Aliuliza tangu lini chombo kinachovuja kikajazwa. Aliuliza mhanga amejifunza uganga kwa nani. Aliwageukia watu, akawauliza kama katika jina la mhanga wanasikia tumbo, au moyo, au hata figo moja. Watu wakasikiliza vizuri. Hawakusikia.

Mhanga alisimama katikati ya chumba, dodoki kichwani, machozi yanamtoka.

"Mimi si mganga," akasema. "Najua vichuguu tu. Huenda nimekosea. Lakini huyu ni jirani yangu, na huko ndani wanaomba maji."

Mize akawatazama wote wawili. Mmoja anasema hajui, naye analia. Mwingine anajua kila kitu, na anamtazama mama yake kama mtu anayetazama sinia lililokwisha andaliwa. Hapo Mize akaacha kusikiliza majina. Akateka maji, hayo hayo ya dimbwi, akayachemsha mpaka yakatokota, akatia unga wa mtama kidogo na chumvi ya kuonja tu, akakoroga uji mwepesi unaotiririka kama maji.

Tumbusi akaona chakula chake kinamponyoka. Akaruka ili akipindue chungu kwa kichwa. Chungu kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Kichwa kikazama ndani ya uji wa moto mpaka shingoni, na alipokitoa, yale manyoya mazuri yalibaki chunguni. Akapaa akipiga kelele, hakuaga mtu. Mpaka leo tumbusi ana kipara kichwani na shingoni, na mpaka leo hapendi kukaa karibu na moshi wa jikoni.

Mize akapika uji mwingine, akauacha upoe. Akampa mama kijiko kimoja. Bi Somoe akatapika. Mize akangoja kidogo, akampa kingine. Akatapika. Akangoja, akampa cha tatu. Cha tatu kikakaa. Akaendelea hivyo, kijiko kwa kijiko, na Mhanga hakuondoa sikio mgongoni. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka. Wenye marungu walichoka wakaketi juu ya marungu yao. Mize akauliza, wamesema kitu? Mhanga akajibu, bado. Akauliza tena. Bado. Akauliza mara ya tatu, na Mhanga akainua kucha moja kumnyamazisha.

To.

Tone moja. Kisha likaja la pili.

Mhanga akaruka kwa furaha, akamwangukia Bata, wakagaagaa wote wawili mpaka uani. Moyo akapunguza mbio. Mapafu wakashusha pumzi. Damu akapanda mpaka kichwani, na Ubongo, ambaye alikuwa amewachanganya walio hai na waliokufa kwa kukosa cha kunywa, akakaa sawa. Bi Somoe akafungua macho.

"Mize," akaita. Jina lenyewe, la mwanawe.

Mize akamwangukia mama yake akilia. Kisha akamsimulia yote, habari za Tumbusi na dodoki na uji. Akamwambia kwamba ni bahati ya Mungu, maana Bata alikosea. Alitumwa mganga, akaleta mhanga.

Bi Somoe akamtazama Bata mlangoni.

"Bata hakukosea," akasema polepole. "Mganga alikuwa juu ya paa, nimwite tena wa nini? Nilisema mhanga. Nilijua nakufa, nikataka niagane na jirani yangu."

Chumba kizima kikamgeukia Bata. Bata hakumwambia mtu, "Si niliwaambia?" Aliwapa mgongo wote, akatikisa mkia, akaenda zake. Na mpaka leo, bata akiondoka mbele za watu, lazima autikise.

Mhanga naye alisimama pale pale. Alikuwa ameitwa ili aagwe, na yeye hakujua. Maneno yote yalimpotea, likabaki lile moja alilolizoea.

"Habari za juu?" akauliza.

"Za juu nzuri," Bi Somoe akajibu. "Za chini?"

Haya, wasikilizaji wangu. Mwili ni nyumba moja: anayelia siye kila mara anayeumwa, na akikosa mmoja wamekosa wote. Basi anayeharisha msimnyime maji. Wala msitibu neno, tibuni mtu. Na mtu humjui kwa jina lake, wamjua kwa sikio analokutegea siku unapoumwa.

Ngano yangu nimeifunika na kifuniko chake. Aliyeshiba alale, asiyeshiba arambe mwiko.